Usiweke biashara nzima kwenye faili moja: yaliyonikuta na laptopu yangu ya kizee

Leo siongelei matangazo wala namna ya kupata wateja wapya. Naongelea 1,140,000 za kwangu mwenyewe, hela ya madeni, ambayo siku moja niliamka sijui namdai nani.

Mimi nauza viatu vya mtumba, niko Morogoro. Mzigo nachukua Karume, napiga picha nyumbani, naposti, mteja akilipa natuma kwa basi. Wateja wangu wa muda mrefu nawapa kwa mkopo, nusu sasa, nusu mwisho wa mwezi. Najua wengi wenu mnafanya hivyo hivyo. Nani kachukua nini na kabakiza ngapi, nilikuwa naandika kwenye Excel, kwenye laptopu niliyonunua kwa mtu. RAM GB 4, hadi diski ya zamani ile ya kuzunguka, betri imekufa kwa hiyo inaishi kwa waya. Ukiiwasha unaweza kwenda kuinjika chai ukarudi bado inajifikiria.

Kompyuta sijasomea. Nimeishia kidato cha nne, mengine nimejifunza kwa kuharibu. Ila nilikuwa nasikia kila mtu anasema weka bakapu, weka bakapu. Nikaweka. Tatizo ni jinsi nilivyoiweka.

Nilichukua folda yote ya biashara, yaani picha za viatu za miaka miwili, video za kufungua mzigo, picha za risiti, pamoja na lile faili la madeni, nikabana vyote kuwa zipu moja. Nikaiita BIASHARA YOTE. Ilitoka GB 11. Nilianza saa 2 usiku, nikalala, asubuhi ndiyo nakuta imemaliza. Nachomeka flashi mpya ya GB 32, tupu kabisa, nakopi, inagoma. Inasema faili ni kubwa mno. Nikajua hapa nimeuziwa flashi feki, nikaibeba mpaka kwa fundi nikiwa nimevimba.

Fundi akaicheki akacheka. "Dogo, flashi nzima hii. Imefomatiwa FAT32. Hiyo haipokei faili moja linalofika GB 4, hata kama nafasi ipo."

"Sasa kaka, si iko tupu?"

"Tupu ndiyo. Ungeleta mafaili elfu madogo ingeyameza yote. Ila limoja la GB 11, hapana."

Dawa yake ni kuifomati upya uchague exFAT badala ya FAT32. Bonyeza kitufe cha kulia cha mausi juu ya flashi, chagua Format, weka exFAT, basi. Lakini shika hili: ukifomati, kila kilichomo kinafutika. Kama kuna kitu, kitoe kwanza.

Nikarudi nyumbani, nikaanza kukopi tena. Ikiwa katikati, umeme ukakatika. Ulivyorudi nikafungua flashi, naona BIASHARA YOTE ipo pale, imeandikwa GB 11 vile vile. Nikasema poa, imeingia. Nikaitoa, nikaiweka kwenye droo, nikaendelea na maisha.

Kama mwezi hivi baadaye hadi diski ikaanza kulia tik tik tik. Siku ya pili haikuwaka. Sikuogopa sana, si nina bakapu? Nikaenda kwa fundi na flashi yangu. Faili halifunguki.

Alivyonieleza ni hivi. Unapokopi, kompyuta inaweza kutenga nafasi ya faili zima kwanza, halafu ndiyo inajaza. Umeme ukikatika katikati unabaki na boksi kubwa lililojaa nusu, ila kwa nje limeandikwa ukubwa kamili. Na zipu ina tabia yake: ile orodha ya vitu vilivyomo inakaa mwishoni mwa faili. Mwisho ukikosekana, kompyuta haijui ndani kuna nini, inakwambia limeharibika. Akahangaika nalo, akachomoa vilivyokuwa mwanzo. Nikapata picha za viatu nilivyouza mwaka juzi. Faili la madeni halikutoka.

Faili lenyewe la madeni lilikuwa KB 60. Yaani lingeingia kwenye barua pepe mara mia na nafasi ikabaki. Nililifungia ndani ya GB 11 za picha za raba.

Jumla ya madeni nilikuwa naijua kwa sababu niliiandika kwenye daftari la mzigo, 1,140,000, lakini bila majina. Wiki mbili nzima nilikuwa napekua chati za WhatsApp na meseji za malipo, napigia watu. Dada mmoja wa Dodoma alinitumia mwenyewe bila hata kubishana, akasema "mdogo wangu mimi nakumbuka, ni 45,000." Wengine wakaniambia walishamaliza, na sina cha kuwaonyesha. Nikarudisha kama 700,000. Iliyobaki ilikuwa hela ya kufuatia mzigo Karume.

Sasa hivi nafanya hivi, na laptopu bado ni ya kizee vile vile, nimebadilisha hadi diski tu.

Kwanza nimetenganisha. Madeni na oda zina folda yake, na ni ndogo. Hiyo kila jioni najitumia kwenye barua pepe yangu na nakopi kwenye flashi. Haichukui hata dakika. Ukiwa na bando la kuungaunga, hii peke yake ndiyo usikose.

Picha na video nazipanga kwa mwezi: 2025-01, 2025-02, kuendelea. Mwezi ukiisha nakopi folda ya mwezi huo tu. Ya nyuma siigusi, ilishakopiwa. Ndiyo maana kompyuta haichoki tena, haibebi miaka miwili kila mara, inabeba GB moja au chini ya hapo. Umeme ukikatika, kilichoharibika ni mwezi mmoja na najua ni upi.

Na sizibani tena. Hili nilikuwa silijui kabisa: picha za JPEG na video za MP4 zimeshabanwa tangu kwenye simu. Ukizitia kwenye zipu unapunguza kidogo sana, ila kompyuta inateseka usiku mzima. Tena inahitaji nafasi ya ziada ya kuiweka hiyo zipu, kwa hiyo kama diski imejaa ndiyo unaizidishia uzito. Kopi folda kama ilivyo.

Kama kuna faili kubwa huwezi kulikwepa, mfano video ndefu unataka kuipandisha mtandaoni, 7-Zip ni ya bure na inaweza kulikata vipande, tuseme vya GB 1. Chagua Store ili isihangaike kubana. Kipande kikigoma unarudia hicho tu. Ila ukipoteza kipande kimoja, hiyo video usiihesabu tena. Mimi natumia nikilazimika tu.

Kwa kukopi kwenye flashi, Windows ina amri inaitwa robocopy. Inaruka vilivyoshakopiwa na inaweza kuendelea pale ilipoishia. Andika hivi kwenye kile kidirisha cheusi cha amri, ukibadilisha herufi ziendane na kompyuta yako:

robocopy D:\Duka E:\Duka /E /Z

Ukiona mtu mtandaoni anakwambia weka /MIR, simama kwanza. Hiyo inafuta kwenye flashi kila kitu ambacho hakipo kwenye kompyuta. Ukifuta picha kwa bahati mbaya kwenye kompyuta, na bakapu nayo inaondoka.

Kabla hujaanza, funga kivinjari na programu zingine, na izuie kompyuta isilale katikati ya kazi. Ikimaliza bonyeza Eject ndiyo uchomoe. Halafu, na hapa ndipo mimi nilipozama, ipeleke flashi kwenye kompyuta nyingine, hata ya jirani. Fungua faili la madeni, lisome. Fungua picha ya mwanzo, ya katikati na ya mwisho. Kuona jina la faili na ukubwa wake hakutoshi, mimi niliviona vyote viwili.

Kuna wanaopenda kuweka kila kitu Google Drive. Nzuri, ila piga hesabu. Intaneti ikipandisha kwa Mbps 1, GB 11 zinakula kama saa 24 bila kukatika. Na nafasi ya bure ni GB 15 kwa akaunti, inagawana na Gmail na picha zako za Google. Mimi kule naweka madeni, oda, na picha za bidhaa ambazo bado ninazo stoo. Zilizouzwa zinabaki kwenye flashi.

Na WhatsApp je? Kwa simu za Android, bakapu ya WhatsApp nayo siku hizi inahesabiwa kwenye hizo hizo GB 15. Ukiona imegoma kujihifadhi, ingia kwenye mipangilio ya bakapu uondoe video, ubaki na meseji na picha. Meseji ndizo zilizonirudishia zile 700,000.