Mchunga: Mboga ya Mwitu na Jinsi ya Kuipanda

Mkulima wa Bombo katika milima ya Upare, usidharau mchunga, mmea wa jamii ya alizeti wenye maua ya manjano na utomvu mweupe. Majani yake ni machungu, lakini ni mboga njema.

Wengi huung'oa kama gugu, wala hawakosei. Mizizi yake hutambaa chini, na kipande kilichokatwa na jembe huweza kuchipua. Basi tabia hiyo ndiyo njia ya kuupanda. Fukia vipande vya mizizi katika tuta lenye unyevu, mbali na mahindi. Chuma majani machanga kabla ya maua. Yachemshe, umwage maji, kisha uyaunge kwa karanga. Mizizi inayotoka nje ya tuta, ing'oe na kuichoma. Mchunga ukitunzwa ni chakula; ukiachwa, hula shamba.