Paneli Ndogo ya Sola na Uhai wa Betri ya Gari

Betri ya risasi na tindikali, iliyobuniwa na Gaston Planté nchini Ufaransa mwaka 1859 na ambayo hadi leo ndiyo inayowasha injini za magari mengi, huumizwa sana na kuachwa muda mrefu ikiwa na chaji pungufu. Gari lililoegeshwa huendelea kula umeme kidogo kidogo kupitia saa, kengele ya wizi na kompyuta yake, na upotevu wa miliampea 50 tu hufikia ampea-saa 1.2 kwa siku, kiasi ambacho katika siku 25 humaliza nusu ya betri ya ampea-saa 60. Ikikaa hivyo, salfeti ya risasi, yaani utando unaojijenga juu ya sahani za betri kila inapotoa umeme, hugeuka fuwele ngumu zisizoyeyuka kwa urahisi, na uwezo uliopotea haurudi wote.

Paneli ndogo ya kubebeka huzuia madhara hayo, mradi isiunganishwe na betri moja kwa moja. Paneli inayouzwa kama ya volti 12 kwa kawaida huwa na seli 36 na hutoa takribani volti 18 juani, ilhali betri huhitaji kama volti 14.4 wakati wa kujazwa na takribani 13.6 ikishajaa; volti zikizidi hapo, maji ya betri huchemka na kupungua. Kazi ya kupunguza volti hizo, na ya kuzuia umeme usirudi kwenye paneli usiku, hufanywa na kidhibiti chaji, ambacho mafundi hukiita kontrola, na ndiyo maana anayebana matumizi kwa kukiacha huishia kununua betri mpya.

Kwa gari linalokaa tu, paneli ya wati 20 inatosha, kwa kuwa hutoa takribani ampea 1.1 na katika saa tano za jua kali hurudisha zaidi ya ampea-saa 5. Mwenye friji ndogo ya safarini atahitaji wati 100 au zaidi. Kontrola huunganishwa kwanza na betri ili itambue volti zake, kisha paneli, na wakati wa kufungua utaratibu hugeuzwa. Fyuzi hufungwa karibu kabisa na ncha chanya ya betri, kwa sababu nyaya zikigusana betri inaweza kusukuma mamia ya ampea na kuzua moto, na boneti huachwa wazi ili gesi ya haidrojeni itoke.

Faida kubwa ya paneli ya kubebeka ni kwamba gari hubaki chini ya mwembe, betri ikiepushwa na joto, huku paneli ikiwekwa juani na kuelekezwa mashariki asubuhi na magharibi alasiri. Betri iliyojaa, ikipumzishwa saa kadhaa, husoma takribani volti 12.6 kwenye mita, na iliyobaki nusu husoma kama 12.2. Ile isiyofikia kiwango hicho cha juu hata baada ya siku kadhaa za jua zuri imekwisha, nayo ipelekwe kwa wanaokusanya betri chakavu, kwani risasi ni sumu kwa watoto na kwa udongo.