Chakula cha Mbwa Mdogo wa Shamba



Katika mkutano wetu wa kabla ya msimu, maneno ya majamvi na magunia yalipokwisha, mzee mmoja aliinuka akauliza swali ambalo baadhi yetu walilicheka. Mbwa wake mdogo, aliyekuwa akilinda karafuu uwanjani usiku, alikufa siku chache baada ya Idd, wala hakuumwa na nyoka wala hakupigwa. Alitaka kujua kama kuna mtu aliyemtilia sumu. Tulimwuliza mbwa alikula nini. Akajibu: "Mimi si bakhili. Siku zote nne za sikukuu alikula nilichokula. Ukoko wa pilau, mifupa ya kuku, na kachumbari yote iliyobaki." Hapo waliocheka wakanyamaza, maana wengi wetu tumefanya vivyo hivyo.

Hatuwezi kuapa kuwa ni chakula kilichomwua, kwani hakuna daktari aliyemtazama. Lakini mzee alivyoeleza, kwamba ufizi wake ulikuwa mweupe, mkojo ukawa rangi ya kahawa, na pumzi zikawa za haraka, hizo ni dalili zijulikanazo za mbwa aliyedhuriwa na kitunguu. Ndiyo sababu tumeona yafaa tuandike habari hii sasa, kabla sikukuu nyingine haijafika. Wapo watakaosema kuwa katibu amekosa la kuandika. Na waseme. Mwenye karafuu zilizoanikwa nje, na wezi hawalali, anajua thamani ya mbwa mdogo mwenye usingizi mwepesi.

Kwa upande wa dini hatuna haja ya kurefusha. Mbwa wa kulinda shamba, wa kulinda mifugo na wa kuwinda ameruhusiwa, na mwenye kumfunga mnyama au kumfuga ana wajibu wa kumlisha. Chombo alichotia ulimi huoshwa mara saba, mara moja kwa udongo. Kwa hiyo rahisi zaidi ni kumpa chombo chake mwenyewe, kifuu au sufuria kuukuu, kikae huko huko shambani kisirudi jikoni.

Sasa turudi kwenye kitunguu. Ndani ya kitunguu maji na kitunguu thomu mna kitu kinachoharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa. Mwanadamu hakimdhuru. Kukipika hakuondoi sumu yake, na kilichokaushwa kikasagwa huwa kikali zaidi kwa uzito ule ule. Wajuzi wa wanyama wanasema gramu 15 mpaka 30 za kitunguu kwa kila kilo ya uzito wa mbwa zatosha kumdhuru. Mpigie hesabu mbwa wa kilo 5: ni gramu 75 mpaka 150, yaani kitunguu kimoja tu cha sokoni. Mbwa mkubwa wa kilo 30 angekula kitunguu hicho asione kitu. Hapa ndipo wengi hukosea, kwa kuwa walimwona mbwa wa jirani amekula asidhurike. Tena kitunguu hakiui siku hiyo hiyo. Mbwa hukaa siku mbili tatu, hata tano, ndipo anapolegea, na mwenyewe ameshasahau alichompa.

Zabibu zina mambo yake. Mbwa mmoja hula akapona, mwingine hula chache tu mafigo yakafa, na kwa muda mrefu waganga wa wanyama hawakujua sababu. Mwaka 2021 baadhi yao huko Marekani walitoa rai kwamba kosa ni la asidi ya tatariki, ambayo hupungua na kuzidi katika zabibu mbalimbali. Mwaka 2022 wakaandika habari za mbwa walioumia mafigo kwa kula vitu vingine vyenye asidi hiyo hiyo, na kimoja katika hivyo ni ukwaju. Sisi tuna mikwaju, na makapi ya ukwaju uliokamuliwa hutupwa nyuma ya jiko kila siku ya futari. Basi yafukiwe. Mbwa aliyekula zabibu au ukwaju hutapika ndani ya siku moja, kisha mkojo hupungua au hukatika kabisa, na akifika hapo kumponya ni kazi kubwa.

Mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka vipande vyenye ncha, ikachoma koo au utumbo. Kokwa la embe na gunzi la muhindi havichomi, ila huziba utumbo wa mbwa mdogo kama kizibo cha chupa. Mafuta mengi ya nyama nayo humletea maradhi ya kongosho, akajikunja kwa maumivu ya tumbo na kutapika.

Katika viungo vya nyumba zetu, kungumanga humtia mbwa mtetemeko na kumwendesha moyo mbio. Na karafuu yenyewe? Punje iliyoanguka jamvini haina neno, na mbwa mwenyewe haipendi. Tunachokiogopa ni mafuta yake. Tumesikia mtu akipaka mafuta ya makonyo kwenye ngozi ya mbwa ili kufukuza viroboto, na mwingine akiyatia kwenye jino lake bovu. Mbwa hujiramba, na mafuta hayo ni makali mno, huunguza ulimi na tumbo na yakizidi huharibu ini. Kwa paka ni mabaya zaidi. Tafadhali tusifanye.

Muhogo mbichi na maganda yake, khasa ule mchungu, una sumu inayomwua mbwa kama inavyomwua mbuzi. Wanachama wa pwani nao wamtazame mbwa anayezunguka madau yakirudi, kwa kuwa bunju hutupwa mchangani, na sumu ya bunju haiondoki kwa moto wala kwa jua. Chakleti zinazoletwa na jamaa kutoka ng'ambo humdhuru moyo, na kadiri ilivyo nyeusi ndivyo ilivyo mbaya. Zipo pia bigijii na peremende zisizo na sukari ya kawaida, zenye kitu kiitwacho zailitoli. Kwa mbwa hiki hushusha sukari ya damu katika muda wa nusu saa au saa moja, akapepesuka na kuanguka. Unga wa mkate uliokandwa ukatiwa hamira nao huumuka tumboni mwake.

Mtu atauliza, basi ale nini? Ale wali uliopikwa kwa maji matupu, au muhogo uliochemshwa barabara, au boga, pamoja na samaki aliyetolewa miiba, au ini la kuku, au yai lililochemshwa. Bila chumvi, bila tui zito, bila viungo. Wali peke yake haumtoshi hata ukimjazia chombo. Ataonekana ana tumbo, kumbe mifupa na manyoya yanadhoofika. Dagaa ni wazuri sana kwa kuwa huliwa pamoja na mifupa yao laini, na humo mna chokaa anayoihitaji. Lakini dagaa wetu huchemshwa kwa maji ya chumvi kabla ya kuanikwa, kwa hiyo waloweke usiku kucha, mwaga maji yale, kisha uwachemshe upya.

Mbwa wa kilo 5 aliyekwisha kukua humtosha kama kifuu kimoja cha chakula kwa siku, au kuzidi kidogo, nusu asubuhi na nusu jioni. Mtoto wa mbwa apewe mara tatu au nne, kidogo kidogo. Mpapase mbavu. Ukizigusa kwa urahisi bila kuziona, kipimo ni sawasawa. Zikionekana kwa mbali, mwongeze, na usipozigusa, mpunguze. Maji safi yasikosekane, zaidi katika msimu, kwani uwanja wa kuanikia karafuu hauna kivuli.

Ikiwa amekwisha kula kimojawapo cha hivyo tulivyotaja, usimnyweshe maji ya chumvi ili atapike. Desturi hiyo ni ya zamani, lakini chumvi yenyewe huweza kumwua mbwa mdogo. Wala usimmiminie mafuta au maziwa mdomoni, maana huingia mapafuni. Kumbuka saa aliyokula na kiasi chake, chukua kilichobaki au karatasi yake, umpeleke kwa bwana mifugo mara moja bila kungoja dalili. Kwa zabibu na chakleti, daktari aliyempata mapema anaweza kumtapisha salama. Akishaanza kupepesuka, hawezi tena.

Yule mzee amekwisha kupata mbwa mwingine, mwenye miezi minne. Ametuomba tuandike pia kwamba watoto na wachumaji waambiwe, kwa kuwa yeye hayupo shambani mchana, na ukoko wa kambini hutupiwa mbwa bila mtu kuuliza una nini ndani.