Kuhamia Thika au Ruiru: shule ya upili ya umma kwanza, nyumba baadaye (Sehemu ya Pili)

Shule ya Upili ya Mang'u iko karibu na barabara kuu ya Thika, kati ya Juja na mji wa Thika wenyewe. Mzazi aliyepanga nyumba mwendo wa dakika chache kutoka lango lake hana haki zaidi ya kumpeleka mwanawe huko kuliko mzazi wa Lodwar au Kwale. Jambo hili huwashangaza wageni wengi wanaohamia ukanda huu, na ndilo linalostahili kueleweka kabla ya mengine yote. Wiki iliyopita makala haya yaliangalia shule za msingi na sekondari msingi, ambako mtoto kwa kawaida husoma karibu na nyumbani. Kwa shule za upili mambo ni tofauti.

Mang'u yenyewe ni shule iliyohama. Ilianzishwa na wamisionari wa Kikatoliki mwaka wa 1925 huko Kabaa, Machakos, ikapelekwa Mang'u takribani mwaka wa 1940, kisha ikaletwa ilipo leo. Tom Mboya, Mwai Kibaki na George Saitoti walisoma hapo. Sifa ya aina hiyo huwafanya wazazi waamini kwamba kuishi jirani na shule kubwa ni nusu ya safari. Sivyo. Nafasi katika shule za bweni za umma hugawanywa na Wizara ya Elimu kwa nchi nzima, kulingana na matokeo ya mwanafunzi na shule alizochagua.

Katika Mtaala wa Umilisi, matokeo hayo yana vipande vitatu. Mtihani wa Gredi ya 9, KJSEA, huchangia asilimia 60. Ule wa Gredi ya 6, KPSEA, asilimia 20. Na tathmini zinazofanywa shuleni katika Gredi ya 7 na ya 8 hukamilisha asilimia 20 zilizobaki. Kundi la kwanza kufanya KJSEA lilikuwa la 2025, na wanafunzi hao wakaanza Gredi ya 10 Januari 2026. Kila mmoja wao alichagua shule 12: tisa za bweni, tatu kati ya hizo zikiwa katika kaunti yake na sita nje yake, na tatu za kutwa katika kaunti ndogo anamoishi.

Hizo tatu za mwisho ndizo zinazomhusu zaidi anayehama. Hapo ndipo mahali pa kuishi panapoingia zaidi katika hesabu.

Nchi nyingine zimeamua vingine. Katika sehemu kubwa ya Marekani, anwani ya nyumba ndiyo huamua shule ya umma ambayo mtoto atasoma, kiasi kwamba sifa ya shule hupandisha bei ya nyumba za mtaa mzima. Tanzania, kupitia Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulioanza 2004, ilijenga shule za kata kwa wingi ili mtoto asiende mbali na kwao. Kenya inachanganya njia hizi mbili: shule kubwa za bweni ni za taifa zima, shule za kutwa ni za wenyeji. Familia inayohamia Ruiru au Thika inapaswa kujua inasimama upande upi wa mfumo huo, na kwa walio wengi jibu ni upande wa shule za kutwa.

Shule hizo sasa zinabeba mzigo mkubwa. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 238,858 katika mji wa Ruiru. Kufikia sensa ya 2019 walikuwa 490,120. Barabara kuu ya Thika, iliyofunguliwa rasmi Novemba 2012, ilifanya iwezekane kufanya kazi Nairobi na kulala Kihunguro, Membley, Murera au Kimbo, na mashamba ya kahawa yakageuka ploti za nyumba za kupangisha. Ghorofa humalizika kwa mwaka mmoja au miwili. Shule ya umma huhitaji ardhi, bajeti ya serikali, maabara na walimu walioajiriwa na Tume ya Huduma za Walimu, na hayo yote huja polepole. Ndiyo maana mtaa unaweza kuwa na lami, maji na maduka makubwa huku shule ya kutwa iliyo karibu ikiwa na madarasa yaliyofurika. Thika, mji wa viwanda wa tangu zamani, una shule kongwe zaidi za umma: Thika High na Chania za wavulana, pamoja na Chania Girls. Huu ni ubora wa kweli wa Thika dhidi ya Ruiru, na haufai kupuuzwa na mtu anayelinganisha kodi za nyumba tu.

Mipaka nayo huleta mkanganyiko. Githurai 44 iko Nairobi. Githurai 45, ng'ambo tu, iko Kiambu, katika eneo la Ruiru. Juja, Ruiru na Thika Magharibi ni kaunti ndogo tofauti, kila moja na ofisi yake ya elimu, ingawa matatu moja hupita zote kwa muda mfupi. Ukivuka Mto Chania kutoka mjini Thika kuelekea kaskazini, unaingia Murang'a. Mpangaji anaweza kusema anaishi Thika, wenye duka wakakubali, hata dereva wa bodaboda akakubali, kumbe kwa hesabu ya wizara yuko kaunti nyingine. Swali la kumuuliza wakala wa nyumba ni hili: ploti hii iko kaunti ndogo gani? Asipojua, chifu wa eneo anajua.

Baada ya mahali huja masomo, na hapa wazazi wengi waliosoma chini ya mfumo wa zamani wa 8-4-4 hupitwa na wakati. Zamani shule mbili za upili zilifundisha karibu mambo yale yale. Sasa mwanafunzi wa Sekondari Pevu, yaani shule ya upili ya mtaala mpya, huingia katika mkondo mmoja kati ya mitatu: sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati (maarufu kama STEM); sayansi ya jamii; au sanaa na michezo. Hufanya masomo saba. Manne ni ya lazima, yaani Kiingereza, Kiswahili au Lugha ya Ishara ya Kenya, hisabati, na mafunzo ya huduma kwa jamii. Matatu yaliyobaki huyachagua kulingana na mkondo wake. Hisabati pia ina ngazi mbili. Wa STEM hufanya ile ya kina, wengine hufanya ile ya msingi.

Si kila shule ina mikondo yote mitatu. Nyingi zina miwili, STEM na sayansi ya jamii. Msichana aliyechagua muziki na sanaa ya uchoraji huko Nakuru, mzazi wake akapata kazi Thika, huenda akakuta shule iliyo karibu na nyumba mpya haina mwalimu hata mmoja wa somo lake. Hata ndani ya STEM kuna tofauti: shule inaweza kufundisha fizikia na kemia vizuri na isiwe na karakana ya ufundi wa umeme. Mang'u ilijipatia jina kwa kufundisha masomo ya usafiri wa ndege, kitu ambacho shule chache sana nchini zimewahi kuwa nacho. Kwa hiyo anayehama na mtoto wa Gredi ya 10 au ya 11 aende shuleni akiwa na mchanganyiko wa masomo matatu ya mtoto umeandikwa kwenye karatasi, aulize la kwanza, la pili, la tatu: linafundishwa? Na nani? Maabara iko wapi? Mwalimu mkuu mwema hataudhika kwa maswali hayo.

Kinachopewa uzito kupita kiasi ni wastani wa alama za mtihani. Wazazi huuliza, "Shule hii hupata ngapi?" na kufunga mjadala. Shule iliyopokea wanafunzi bora wa nchi nzima ikitoa alama nzuri, imefanya kazi yake. Shule ya kutwa ya Ruiru iliyopokea kila mtoto wa mtaa, wakiwemo waliokuwa nyuma kabisa, ikawainua robo yao hadi kiwango cha chuo kikuu, huenda imefanya kazi kubwa zaidi, lakini wastani wake utabaki chini. Cha kuulizwa ni kama alama hizo zinapanda au kushuka kwa miaka mitatu minne, ni wanafunzi wangapi walioanza na kumaliza, na mtoto aliyeingia na alama kama za mwanao alitoka na nini. Mwalimu anayeweza kujibu swali hilo la mwisho bila kubabaika anawajua wanafunzi wake.

Kisha barabara. Njia kuu ya Thika huikata miji hii katikati, na magari hupita kwa kasi ya kutisha. Shule iliyo upande wa pili, ambayo kwenye ramani inaonekana iko karibu, inaweza kumlazimu mtoto kutembea hadi kwenye daraja la waenda kwa miguu, kuvuka, kisha kurudi umbali ule ule. Wanaochoka na mzunguko huo huvuka barabarani, na wapo waliopoteza maisha hivyo. Mzazi na aitembee njia hiyo yeye mwenyewe asubuhi ya siku ya kazi, mapema, kabla ya kusaini chochote. Kanuni za elimu ya msingi za 2015 zinaweka masomo ya shule za kutwa kati ya saa mbili asubuhi na saa tisa na nusu alasiri, lakini shule nyingi hutaka wanafunzi wafike mapema zaidi, na Julai kuna giza na ukungu saa kumi na mbili.

Kuhusu gharama, kuna tofauti kubwa. Tangu Januari 2018 masomo ya shule za upili za kutwa za umma hayalipiwi na mzazi. Kiwango kilichowekwa na serikali kwa kila mwanafunzi ni shilingi 22,244 kwa mwaka. Mzazi hubaki na sare, nauli na chakula cha mchana. Katika shule za bweni, kiwango cha juu cha karo kilichoidhinishwa ni shilingi 53,554 kwa shule za daraja la kwanza na 40,535 kwa nyingine. Ruzuku ya serikali mara nyingi huchelewa, na shule za kutwa hujikuta zikiwaomba wazazi pesa za hapa na pale. Katika Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 mzazi ana kinga mbili: hakuna ada ya kumsajili mtoto, na hakuna mchango unaotozwa bila risiti rasmi. Anayeambiwa "lete kitu kidogo nafasi ipatikane" anaombwa hongo. Aende kwa mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo.

Anayehama katikati ya mwaka ana hesabu nyingine. Mwanafunzi amesajiliwa katika mfumo wa wizara kwa nambari yake ya kipekee, kwa hiyo shule ya zamani sharti imwachilie na ile mpya impokee katika mfumo huo huo. Mtoto kuketi darasani peke yake hakutoshi. Shule mpya lazima iwe na nafasi na imkubali kwanza. Ndiyo maana ni hatari kumwondoa mtoto alikokuwa kabla ya kupata barua ya kukubaliwa anakokwenda. Beba cheti cha kuzaliwa, matokeo ya KJSEA, ripoti za mihula iliyopita, na nakala ya kila kimoja.

Walio katika mfumo wa 8-4-4 wana uharaka wao. Kundi lao la mwisho litafanya mtihani wa KCSE mwaka wa 2027. Mwaka huu wa 2026 shule zina Gredi ya 10, Kidato cha Tatu na cha Nne. Mwakani kitabaki cha Nne pekee kando ya Gredi ya 10 na ya 11. Hakuna darasa la nyuma la kurudia. Mtoto wa Kidato cha Tatu akihamishwa, ahamishwe mapema mwaka huu, kwa sababu usajili wa KCSE hufanywa mwanzoni mwa Kidato cha Nne, na baada ya hapo kubadilisha kituo cha mtihani ni kazi ngumu mno. Familia inayohama wakati huo ingefanya vyema kumwacha amalizie alikoanza, hata kama ni kwa shangazi au kwa bweni la muda.

Kuna kundi moja ambalo kwalo Thika ni mahali pa kuhamia kwa makusudi. Shule ya Wasioona ya Thika, iliyoanzishwa na Jeshi la Wokovu mwaka wa 1946, ina sehemu ya upili, na Joytown, iliyoanzishwa na kanisa hilo hilo mjini humo, huwahudumia wanafunzi wenye ulemavu wa viungo. Wazazi huwaleta watoto hapo kutoka kila pembe ya Kenya. Mzazi anayeishi karibu anaweza kumwona mwanawe mara nyingi kuliko yule anayesafiri kutoka Garissa au Busia, na hilo kwa mtoto mwenye mahitaji maalumu lina uzito usiopimika. Lakini tathmini hufanywa kwanza, katika vituo vya wizara vya kutathmini mahitaji ya kielimu, ndipo mtoto apelekwe shule inayomfaa. Wengine husoma vizuri zaidi katika shule za kawaida zilizo na mwalimu wa msaada.

Wiki ijayo tutazungumzia shule za kibinafsi na wanaozikimbilia. Kwa wakati huu, ndugu msomaji unayepanga kuhamia Ruiru, Juja au Thika: kabla ya kulipa dipoziti ya nyumba, pitia ofisi ya elimu ya kaunti ndogo, uliza orodha ya shule za kutwa na mikondo zinayofundisha, kisha tembelea mbili kati yake siku ya masomo. Ofisi hizo hufunguliwa Jumatatu hadi Ijumaa, na kuuliza hakutozwi pesa.