Daktari Rivers: Mchunguzi wa Mila Aliyetibu Majeraha ya Moyo wa Askari

Majeraha ya vita ni ya namna mbili. Lipo jeraha la risasi, ambalo kila mtu huliona na kulifunga bendeji. Na lipo jeraha la moyo, lisilotoa damu, ambalo kwa muda mrefu makamanda waliliita woga, na aliyelipata akaadhibiwa badala ya kutibiwa. Miongoni mwa waliotangulia kulitazama jeraha hili la pili kwa jicho la elimu ni Daktari William Halse Rivers Rivers wa Uingereza. Huyu alikuwa tabibu, na papo hapo mwanaanthropolojia, yaani mtaalamu wa kuchunguza maisha, mila na fikira za mataifa mbalimbali.

Rivers alizaliwa mwaka 1864 katika jimbo la Kent. Baba yake alikuwa kasisi aliyewafundisha wenye kigugumizi, lakini mwanawe mwenyewe aliishi na kigugumizi maisha yake yote. Huenda ndiyo sababu alijifunza mapema kusikiliza kuliko kusema.

Mwaka 1898 alifuatana na wataalamu wenzake wa Chuo Kikuu cha Cambridge, chini ya uongozi wa A. C. Haddon, hadi visiwa vya Mlango-bahari wa Torres, baina ya Australia na New Guinea. Wakati huo Wazungu wengi walidai kwamba watu wa visiwani wana macho ya ajabu kama ya mwewe, na kwamba akili zao ni tofauti na za wengine. Rivers hakuridhika na uvumi, alipima. Aligundua kwamba macho yao hayakupita sana ya watu wengine. Walichowazidi wageni ni ujuzi: waliijua bahari yao, wakajua kitu cha kutazama na mahali pa kukitazama. Kila askari aliyewahi kukaa lindo usiku anaufahamu ukweli huo. Tena, alipowaonyesha michoro ya mistari inayohadaa macho, aliona kwamba baadhi ya michoro hiyo iliwahadaa wenyeji kidogo kuliko ilivyowahadaa Waingereza.

Huko visiwani alianzisha pia njia ya kuandika nasaba za watu, jina kwa jina na ukoo kwa ukoo, njia ambayo wachunguzi wengi waliifuata baadaye. Mwaka 1901 na 1902 aliishi katika milima ya Nilgiri, kusini mwa India, akichunguza Watoda, wafugaji wa nyati ambao kazi ya maziwa kwao ni ibada. Kitabu chake juu yao kilitoka mwaka 1906. Alifika pia visiwa vya Melanesia, na katika mihadhara yake alifundisha kwamba uganga wa watu hao haukuwa wazimu. Ulifuata kwa mantiki imani yao juu ya chanzo cha maradhi.

Vita Kuu vilipozuka mwaka 1914, elimu hiyo ilipata kazi mpya. Maelfu ya askari walirudi kutoka mahandakini wakiwa bubu, wakitetemeka, au wakishindwa kulala kwa jinamizi. Wengine walipelekwa mbele ya mahakama za kijeshi, na zaidi ya 300 wa majeshi ya Uingereza na makoloni yake walipigwa risasi kwa kosa la kutoroka, woga na mfano wa hayo. Madaktari wengine walitumia umeme ili kuwalazimisha bubu waseme.

Kapteni Rivers alishika njia nyingine. Katika hospitali ya maafisa ya Craiglockhart, Scotland, tangu mwaka 1916, aliketi na wagonjwa wake kama alivyoketi na wazee wa visiwani: aliuliza, akasikiliza. Aliona kwamba wengi waliambiwa wasahau waliyoyaona, na kwamba kule kujilazimisha kusahau ndiko kulikowaongezea ugonjwa. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Afisa mmoja kila usiku alimwota rafiki yake aliyesambaratishwa na kombora. Rivers hakumwambia asahau. Alimwonyesha kwamba hali ya maiti ile ilithibitisha kuwa rafiki yake alikufa papo hapo, bila kuteseka. Baada ya hapo ndoto ilibadilika: afisa akaamka akiwa na majonzi, si hofu. Lakini Rivers hakudai kwamba kila jeraha lina faraja ndani yake. Wako ambao hakuwapatia neno la kuwatuliza, naye alikiri hivyo waziwazi.

Mwaka 1917 aliletewa Luteni Siegfried Sassoon, mshairi mwenye nishani ya ushujaa, aliyetangaza hadharani kwamba vita vinarefushwa bila haki. Rivers hakumwona mgonjwa wa akili. Hata hivyo, wajibu wake ulikuwa kuwarudisha maafisa vitani, na Sassoon alirudi. Hapo ndipo palipokuwa na mtihani mzito wa tabibu mwenye sare: kumponya mtu ili apelekwe tena mahali palipomwumiza. Mzigo huo ulimlemea Rivers mwenyewe.

Rivers alifariki ghafla tarehe 4 Juni 1922. Baadhi ya nadharia zake juu ya kuenea kwa mila ulimwenguni zimeachwa na wataalamu. Mwenzake wa safari ya Torres, C. G. Seligman, ndiye aliyemfundisha E. E. Evans-Pritchard, aliyeandika juu ya Wazande wa Sudan mwaka 1937. Na mwaka 2006, baada ya karibu miaka 90, serikali ya Uingereza iliwasamehe askari 306 waliouawa kwa hukumu zile.

Msamaha huo haukumfufua hata mmoja. Kwa hiyo, ndugu askari, mwenzako akianza kunyamaza, kutetemeka au kuogopa usingizi, usikimbilie kumwita mwoga. Keti naye, msikilize, kisha mfikishe kwa daktari wa kikosi mapema. Kumwokoa mwenzio ni ushujaa, hata pasipo mlio wa bunduki.