Utazame Mti Mzima Kabla ya Kupanda Mche

Mkulima mwenye busara hanunui mtamba kabla ya kumtazama mama yake. Lakini wengi wetu hununua miche ya miti bila kuuona mti wenyewe ukiwa mkubwa. Mche ulio katika kopo hauna urefu wa shubiri mbili, wala haukuonyeshi utakavyokuwa baada ya miaka 30. Wewe mwenye ploti ya ekari chache huwezi kukosea hapo. Mahindi yakiharibika utapanda tena, bali mti uliopandwa pabaya watauridhi wajukuu.

Basi, shughuli zako zikikupeleka Nairobi, tenga nusu siku uitembelee bustani kubwa ya miti iitwayo Arboretum. Iko karibu na Ikulu, kama kilomita 3 kutoka katikati ya mji. Kuna ada ya kuingia.

Bustani hiyo ilianzishwa mwaka 1907. Wakati ule magari ya moshi yalichoma kuni nyingi, na miti ya asili ilikua polepole. Bwana Battiscombe, afisa wa misitu, alipanda miti ya nchi nyingine ili ajue ni ipi itakayostawi Kenya. Kwa hiyo tangu mwanzo palikuwa mahali pa majaribio. Leo pana hekta 30 hivi, na aina zaidi ya 300 za miti, ya kigeni na ya kwetu. Miti mingi imetiwa vibao vya majina.

Ukifika, fanya hivi:

1. Andika jina la kitabuni katika daftari. Majina ya kienyeji hutofautiana, lakini la kitabuni ni moja kila mahali. Mukima tunaoupanda mipakani na katika kahawa ni Grevillea robusta, na asili yake ni Australia. Muringa ni Cordia africana. Muuru ni Vitex keniensis, mti wa asili wa pande za Mlima Kenya.

2. Simama chini ya mti mzima. Pima kwa hatua kivuli chake kinafika wapi. Tazama kama nyasi zinaota chini yake au ni patupu. Kisha jiulize: ukiwa mpakani kwangu, utayatia kivuli mahindi yangu, au ya jirani?

3. Itazame mikaratusi. Imenyooka vizuri, nayo yafaa sana kwa kuni na nguzo. Lakini hunywa maji mengi. Usiipande karibu na chemchemi, mto wala shamba la chakula.

4. Usichume majani wala mbegu. Bustani ni mali ya watu wote.

Kumbuka jambo moja. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya bahari. Mti unaostawi huko huenda ukakauka kwa ukame wa Mbeere ya chini, au ukadumaa kwa baridi ya Timau. Kwa hiyo, ukirudi nyumbani, mpelekee afisa wa misitu daftari lako. Mweleze udongo wako, mvua unayopata, na kazi unayotaka mti ufanye: kuni, mbao, au kivuli cha kahawa. Yeye atakuambia ni upi unaofaa.

Fanya haya yote kabla ya mvua kuanza, wala usingoje mpaka mashimo yamekwisha kuchimbwa.