Dakika Tatu za Mtoto Kulala Chali

Mwaka 2017 mkoa wa Haut-Lomami, nchini Kongo, uliingia kwenye taarifa za afya za dunia kwa sababu mbaya. Virusi vya polio vya aina ya pili, vile vinavyotokana na chanjo ya matone yenyewe pale ambapo watoto wengi hawajachanjwa vya kutosha, vilianza kuzunguka, na baadhi ya watoto wakapooza. Wauguzi na wajumbe wa afya wa mitaani, wale wanaoitwa reko, wana kazi inayojulikana: mtoto wa chini ya miaka 15 akilegea mguu au mkono ghafla, toa taarifa. Choo chake kichukuliwe mara mbili, kwa kupishana saa 24, ndani ya siku 14 tangu alegee, kiwekwe kwenye baridi, kisafirishwe hadi maabara ya INRB kule Kinshasa. Ikifika siku ya 60, kuna watoto wanaorudiwa na kupimwa tena.

Ziara hiyo ya siku ya 60 inanikera. Inafanywa ili kujua kama kupooza kumebaki, kusudi faili la ugonjwa lifungwe sawasawa, tiba haimo. Watu wamepanda pikipiki hadi kijijini, wamemshika mtoto mguu, wamejaza karatasi, wameondoka. Mama amebaki na mguu uleule.

Kwa hiyo mtu akiniambia kuwa tiba mtandao ni ndoto kwa mji kama Luena, mkoani humo, namjibu kuwa njia ya kupitisha habari za mtoto ipo tayari. Ila imejengwa iende upande mmoja tu. Luena ni mji wa makaa ya mawe, kwenye reli inayotoka Lubumbashi kupitia Tenke kwenda Kamina. Kumpandisha mtoto treni ya shirika la reli la SNCC kila wiki kwa ajili ya nusu saa ya mazoezi Lubumbashi, familia haiwezi, hata ikiuza mbuzi wote.

Wengi wakisikia tiba mtandao huwaza munganga kwenye kioo, anaongea na mgonjwa moja kwa moja. Hilo linataka mtandao usiokatika, katika nchi ambako takriban mtu mmoja kati ya watano tu ndiye mwenye umeme. Kinachofaa zaidi ni video fupi: inarekodiwa leo, inatumwa kesho mtandao ukirudi, inajibiwa keshokutwa.

Na video fupi ina uwezo kuliko inavyodhaniwa. Heinz Prechtl, daktari kutoka Austria, alitumia miaka mingi kutazama jinsi watoto wachanga wanavyojitikisa wenyewe bila kuchochewa na kitu. Mwaka 1997 yeye na wenzake walieleza katika jarida la Lancet kwamba mtoto wa miezi mitatu hadi mitano mwenye ubongo mzima huwa na vijitikiso vidogo vidogo, vya shingo, kiwiliwili, viganja na vifundo, vinavyokwenda pande zote bila kukoma akiwa macho na ametulia. Visipokuwepo, ni dalili nzito ya mtindio wa ubongo. Uchambuzi uliotolewa mwaka 2017 ulionyesha kuwa kipimo hiki huwatambua takriban watoto 98 kati ya 100 ambao baadaye huthibitika kuwa na tatizo hilo. Kinatumika hasa kwa waliozaliwa kwa shida au kuugua mapema: aliyechelewa kulia, aliyepata manjano kali, aliyeugua homa ya uti wa mgongo.

Masharti yake ni ya nyumbani kabisa. Mtoto alazwe chali juu ya kitenge, mikono na miguu wazi, ameshiba, hana usingizi. Asipewe kitu cha kuchezea, na mama asimwimbie, kwa sababu mtoto akiitikia wimbo, vijitikiso vinafichika. Simu ishikwe juu yake ili uso na miguu vyote vionekane, kwa dakika tatu. Anayesoma video lazima awe amefundishwa kazi hiyo, lakini anaweza kuwa Lubumbashi au Kampala.

Baada ya kutambua, kazi yenyewe iko mikononi mwa mama. Tuseme video ya pili inaonyesha chakula: mtoto amelazwa mapajani, kichwa kimeanguka nyuma, kijiko cha uji kinamiminwa kutoka juu. Kine, kama Wakongo wanavyomwita mtaalamu wa mazoezi ya viungo, akiona hapo ataacha mengine yote. Shingo ikiwa nyuma, uji unaweza kupita njia ya hewa, na nimonia ikafuata. Anarudisha ujumbe wa sauti kwa Kiswahili au Kiluba: mkalishe wima, kidevu kishuke kidogo, kijiko kije kutoka mbele, ngoja ameze kwanza. Kiti cha kumshika wima hakihitaji kiwanda. Bevill Packer wa Zimbabwe alifundisha kutengeneza viti vya namna hiyo kwa maboksi na gundi ya unga, na unga Luena haukosi. Vipimo vya mtoto vinaweza kutumwa kwa picha, utepe ukionekana.

Kinachowaponza wengi ni kupotea njiani, kati ya kutambuliwa na kufika hospitali. Katika kaunti ya Trans Nzoia, Kenya, walimu wa shule 50 walipima macho ya wanafunzi. Kundi moja lilitumia programu ya simu ya Peek, na wazazi wakakumbushwa kwa ujumbe mfupi. Jingine lilipimwa kwa chati na kupewa barua. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha kuwa kati ya waliokutwa na tatizo, asilimia 54 ya kundi la kwanza walifika hospitali, dhidi ya asilimia 22 ya kundi la pili. Mimi nadhani ule ujumbe wa kukumbusha ulifanya kazi kuliko programu yenyewe.

Simu haifungi plasta. Mtoto aliyezaliwa na miguu iliyopinda ndani anahitaji mikono ya fundi wa njia ya Ponseti, wiki baada ya wiki. Lakini baadaye huja viatu vyenye fimbo, saa 23 kwa siku kwa miezi mitatu, kisha usiku tu hadi miaka minne hivi, na hapo ndipo wazazi huchoka na mguu kurudi ulivyokuwa. Picha moja kila Jumapili ingewashika.

Kuna hatari pia. Kongo ina watoto wanaoitwa wachawi kwa sababu ya viungo vyao, ingawa Katiba ya 2006 inakataza. Video ya mtoto kama huyo haina ruhusa ya kuzagaa kwenye makundi ya WhatsApp; itumwe kwa mtu mmoja, kisha ifutwe kwenye simu ya reko.

Halafu pesa. Mega za intaneti za mama na saa za kine anayejibu sauti usiku vinapaswa kuandikwa kwenye bajeti ya eneo la afya, pamoja na mafuta ya pikipiki na barafu ya chanjo.